Kesi Iliyoishia Mezani

Insha ya kwanza ya chuo iliyonipatia alama ya juu ilihusu mahakama za Waingereza huko India. Bado naipenda, na ndiyo maana inaniuma. Ingekuwa insha mbovu ningeshaitupa na kuisahau. Lakini ilikuwa nzuri, nilijua ni nzuri, na kwa majuma kadhaa nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, nikitafuta pa kupita ili nionekane.

Ilikuwa mwaka 2015, Louisville, jimbo la Kentucky, Amerika. Mchana nilifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, nikipiga skana maboksi ya watu nisiowajua, na jioni mbili za wiki nilikwenda kusoma historia kwenye chuo cha miaka miwili. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na kambini mtu aliyesoma alikuwa mtu wa kuitwa mbele. Amerika nikakuta kwamba msomi ni yule anayeweza kubishana kwa simu na kampuni ya umeme. Basi nikawa huyo. Katika apatimenti zetu za mtaa wa Newburg, kila bahasha yenye dirisha la plastiki ilipita mikononi mwangu kabla mwenyewe hajajua imemletea nini. Wazee walinisalimu wa kwanza. Nilipenda, sitadanganya.

Chini ya nyumba yangu aliishi Tantine. Ndivyo Wakongomani wanavyomwita shangazi au mama mdogo, na sote tulimwita hivyo, hata sisi Warundi tusio na udugu naye. Alikuwa mama wa Uvira, Kongo, mwenye sauti ya kusikika hadi kwenye maegesho, na alifanya kazi usiku katika kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka tisa. Hakumzaa. Mdogo wake ndiye aliyemzaa, akafariki wakiwa njiani kukimbia vita, na Tantine akambeba mtoto mgongoni kabla hata hajaota meno. Mtoto hakumjua mama mwingine.

Kwa kuwa Tantine alirudi kutoka kazini wakati basi la shule lilikuwa limeshapita, mimi ndiye niliyempa mtoto chai asubuhi na kumfunga zipu ya koti. Zipu ile ilikuwa mbovu na ilinitaka nipige magoti. Aliniita dada. Alinisahihisha Kiingereza changu bila huruma huku nimepiga magoti mbele yake, kisha akakimbilia basi bila kuaga. Nilikuwa nampenda kuliko nilivyojua wakati ule.

Baba yake tulidhani alikufa. Mwaka ule simu ikaja kutoka Buffalo: yu hai. Alikuwa ameangukia kambi nyingine katika nchi nyingine, akapokelewa Amerika, akaoa tena, na sasa aliimba kwaya katika kanisa la Wakongomani huko mtaa wa Kensington-Bailey. Alikuwa amemuulizia binti yake kwa kila mtu aliyesikia anatoka Uvira, mpaka siku moja akampata mtu aliyewahi kusali na sisi. Nimejaribu mara nyingi kumfanya huyu baba awe mtu mbaya katika habari hii. Ingenipunguzia mzigo. Haiwezekani.

Alichofanya ni kuwauliza watu wa ofisi iliyompokea: nifanyeje nimpate mtoto wangu? Wakamtafutia wakili, na wakili akafanya kazi ya wakili. Karatasi ikafika Newburg ikisema Tantine afike mahakama ya familia, Jumanne, asubuhi. Nilipomaliza kumsomea, aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

"Banataka kuniondolea mutoto?" aliniuliza. "Juu ya nini? Nilimukosea nani?"

Kwetu mambo hayaendi hivyo. Watu wa kanisa moja hawapelekani mahakamani. Mchungaji analisema hilo kwa Biblia na wazee wanalisema kwa mila. Mkiwa na jambo mnaketi, kila mmoja anasema mpaka anachoka, wazee wanaamua, kisha mnakula sahani moja. Sahani ndiyo mwisho. Aliyekula na mwenzake halafu akalifufua jambo anahesabiwa kama amemtemea chakula, na watu watakumbuka hata siku ya msiba wake.

Basi wazee wetu wakaongea na wazee wa Buffalo, na baba akapanda basi usiku kucha akaja. Alikuja na kitenge cha Tantine na katoni za Fanta. Tuliketi Jumamosi katika ukumbi wa chini wa kanisa. Alipomwona Tantine, kabla ya salamu, alianza kulia, akamshukuru kwa kumlelea mtoto, na Tantine naye akalia, na wazee wakalazimika kungoja. Ilichukua mchana mzima. Baba alisema mtoto ni wa ukoo wa baba. Tantine alisema ukoo haukuwepo mtoto alipokuwa na malaria. Mwishowe wazee wakaamua: mtoto abaki kwa Tantine na asome Newburg, na likizo ndefu aende kwa baba yake Buffalo. Wote wawili wakakubali. Ugali ukaja, na sombe, yaani kisamvu, na samaki, na wale wawili wakala sahani moja, baba akimbandulia Tantine miiba. Sijaona hukumu nzuri kama ile, mpaka leo.

Wakati wa kunawa mikono mzee mmoja akauliza, "Bon. Na ile karatasi ya tribinali?"

Hapo ndipo nilipoinuka.

Lazima nieleze nilikuwa nimejaa nini kichwani. Mwalimu wetu wa historia, mama mmoja aliyezaliwa Amerika na wazazi Wahindi, alikuwa ametufundisha kwa majuma mengi habari za mahakama za India chini ya Waingereza. Waingereza walipenda kusema kwamba zawadi yao kubwa kwa India ilikuwa sheria: sheria moja, kwa kila mtu, iliyoandikwa, haijali nani ni nani. Halafu Mzungu akishtakiwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na Wazungu wenzake. Wahindi wakasomea sheria ile ile, wakaenda Uingereza na kurudi na majoho, wengine wakawa mahakimu. Siku serikali ilipotaka hakimu Mhindi naye aweze kumhukumu Mzungu huko wilayani, Wazungu wa India walikuja juu, wakapiga kelele magazetini na mikutanoni mpaka mswada ukapunguzwa makali. Mwalimu alituambia Wahindi waliosoma waliitazama kelele ile na wakajifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba sheria moja ilikuwa maneno tu. La pili, kwamba watu wakijipanga serikali inarudi nyuma. Ndipo nao wakajipanga.

Nililipenda jambo hili kupita kiasi. Mimi niliyekulia mahali ambapo kila kitu kiliamuliwa na mtu wa ofisini asiyejua jina langu, nilisoma habari za wanasheria waliowageuzia Waingereza mahakama yao wenyewe, washtakiwa waliosimama kizimbani wakaishtaki serikali iliyowashtaki. Lakini kilichonichoma hasa kilikuja baadaye: mwito wa kuzisusia mahakama kabisa. Wanasheria wakubwa wakavua majoho. Watu wakaambiwa, acheni kupeleka ugomvi wenu kwa mgeni, rudini kwenye mabaraza yenu. Kukawa na mabaraza ya usuluhishi, wazee wakaketi, kesi zikaamuliwa bila muhuri wa mfalme wa Uingereza. Niliposoma sehemu ile niliona ukumbi wa chini wa kanisa letu. Niliandika insha kwa siku moja bila kula.

Kitabu kilikuwa na aya nyingine baada ya hapo, nayo niliisoma. Ilisema mabaraza yale hayakudumu, kwa sababu hayakuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu ashike hukumu, na watu walianza kurudi mahakamani. Sikuiweka kwenye insha. Ilikuwa inaharibu mwisho wangu.

Mwalimu alinirudishia insha na alama ya juu, na pembeni, karibu na pale nilipowasifu waliosusia, alikuwa ameandika swali: na yule ambaye mpinzani wake alikwenda mahakamani hata hivyo? Nilikasirika. Nilijiambia, ndio hao waliosoma sana, hawawezi kukusifu bila kukuchuna kidogo.

Basi mzee alipouliza habari ya karatasi ya mahakama, niliinuka mikono ikiwa bado na maji na nikawapa wazee India yote. Nilisema watu wale walitawaliwa na sheria isiyo yao na wakaamua kuiacha itawale kuta tupu. Nilisema hukumu tuliyoiona leo hakuna hakimu wa Kentucky angeweza kuitoa, kwa sababu hajui sahani. Nilisema karatasi ile ni ya wageni na jambo limekwisha mezani. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alisema, "Mtoto huyu amesoma kweli kweli." Baba wa mtoto alisema amina. Tantine ndiye pekee aliyekuwa ananitazama kana kwamba anangoja niseme jambo lingine.

Jumanne ile, nikiwa nimeshampandisha mtoto kwenye basi na mimi mwenyewe nimechelewa kazini, Tantine alipanda ngazi akagonga mlango wangu. Alikuwa ametoka kiwandani muda si mrefu lakini alikuwa ameoga, amevaa kile kitenge cha Buffalo alichokuwa ameshashonesha, na mkoba wa kanisani mkononi.

"Mwana wangu, nilikuwa nawaza," alisema. "Niende tu nimusalimie ule juji. Nimuambie tulishamaliza, asitungojee bure. Iko vibaya kuacha mutu anangoja."

Nilicheka. Namwona bado pale mlangoni na mkoba wake, na nasikia ninavyocheka.

"Tantine, umetoka kazini, nenda ukalale. Ukienda ndiyo utakuwa umelifufua jambo. Baba mtoto akisikia umekula naye halafu umekwenda mahakamani, atakuonaje?"

"Njo vile?"

"Ndivyo."

"Weye njo ulisoma," alisema, akacheka na yeye, akajipiga mkoba kwenye paja na kushuka ngazi. Nilisikia mlango wake ukifungwa. Mimi nikakimbilia kazini, na siku nzima sikuwaza tena habari ile hata kidogo.

Karatasi ya pili ilikuja akiwa anakaanga samaki. Niliisoma nimesimama karibu na jiko. Aliyeitwa hakufika. Mahakama imesikiliza upande uliofika. Mtoto anakabidhiwa baba yake. Niliisoma kwa Kiingereza kimya kimya, nikaanza tena mwanzo, nikitafuta mahali nilipokosea, na Tantine akaniambia samaki wataungua kama sitasogea.

Nilimpigia baba wa mtoto simu kabla ya kumwambia Tantine. Nilimfokea, nikamwita mwongo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wakili alinipigia akiwa ndani ya tribinali," alisema. "Aliniweka ku simu na juji. Juji akaniuliza, weye njo baba? Miye njo baba. Nikasema ndiyo. Ningesema apana?"

"Ungesema mlikwisha kumaliza! Mlikula!"

"Nani aliniuliza kama tulikula?"

Baadaye watu wake wa Buffalo walimshauri: serikali imekupa mtoto wako, wewe ni nani wa kuikatalia? Na kweli, mtu aliyemlilia mtoto wake miaka yote ile, ukamwekea mkononi karatasi yenye muhuri, ulitaka afanye nini? Mimi mwenyewe ningefanya vile vile. Wazee wetu wakampigia, akawasikiliza kwa heshima, akasema ataangalia. Wazee hawakuwa na kitu kingine cha kumfanya.

Tulikwenda kwa wakili wa watu wasio na uwezo. Alisema inawezekana kuomba kesi ifunguliwe upya, lakini itakuwa ndefu, na baba ni baba, na asiyefika hakufika. Tantine alimkatalia. "Nilishakula na ye," alisema. "Siwezi kumupeleka ku tribinali." Wakili akanitazama nimtafsirie, nikamtafsiria, na akaendelea kunitazama kama vile bado kuna maneno yaliyobaki.

Nilikwenda kwa mwalimu, sijui nikitafuta nini. Labda nilitaka aniambie kwamba hakuna aliyeweza kujua. Nilimweleza yote. Akasema babu yake alikuwa mwanasheria katika mji mdogo, mmoja wa wale waliovua majoho. "Nyumbani tulisimuliwa kila sikukuu jinsi babu alivyolivua joho lake," alisema. "Hatukuwahi kusimuliwa wateja wake walikwenda wapi."

Nilimchukia wakati ule, lakini nilipokuwa kwenye basi kurudi Newburg niliona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu mwanzo. Wale wanasheria walivua majoho yao wenyewe. Walipoteza ugali wao, wengine walifungwa, na walijua wanachokitoa. Mimi nilisusia mahakama kwa mtoto wa mtu mwingine. Sikupoteza hata saa moja ya mshahara.

Shule zilipofungwa tulimpeleka. Gari la baba lisingefika Louisville, kwa hiyo tulipatana kukutana Columbus, Northland, kwenye maegesho ya duka la Waafrika barabara ya Morse, mahali ambapo kila mtu wetu anapajua. Mtoto tulimwambia anakwenda likizo kwa baba. Ni mimi niliyesema tumwambie hivyo. Nilisema ataumia kidogo kidogo, si kwa mara moja. Nilikuwa bado natoa ushauri, amini usiamini.

Tantine aliingia dukani akanunua samaki wakavu wa kumpelekea mke wa baba, mwanamke asiyemjua, na akatoka akamweleza yule mama, kwa utulivu, jinsi ya kusuka nywele za mtoto bila kumvuta karibu na masikio, na kwamba usiku anapenda mlango uachwe wazi kidogo. Yule mama aliitikia kila neno kwa heshima. Mabasi ya mji yalipita. Mtoto alikuwa na furaha, alikuwa na begi jipya. Alinivuta pembeni na kuniambia kwa Kiingereza nisiguse penseli zake za rangi mpaka arudi. Niliahidi. Gari lilipoondoka Tantine alipunga mkono mpaka lilipopinda, kisha akaingia kwenye gari letu, akajifunika uso kwa kipande cha kujitanda cha kitenge kile cha Buffalo, na hakukifunua mpaka tulipofika nyumbani. Hakunilaumu. Njiani nilisimamisha gari mara kadhaa nikijidai natafuta mafuta, nikitumaini atanitukana.

Hakunitukana siku ile wala siku zilizofuata. Alinipikia. Nilipoumwa mafua alipanda na supu ya kuku na kuniambia nasoma mno. Watu wa kanisani walisema mambo ya Amerika ndivyo yalivyo, walisema serikali, walisema yule baba. Hakuna aliyesema mimi. Wazee waliendelea kunisalimu wa kwanza, na mimi nikaanza kupitia mlango wa nyuma baada ya ibada ili wasinipate.

Majira ya baridi wazee wa Buffalo walituita. Mtoto hakuwa sawa, walisema. Alikula kidogo, alisema Kiingereza tu, na jina la Tantine likitajwa alitoka chumbani. Kwenye simu hakutaka kuongea naye. Basi tukaenda, Tantine na mimi. Theluji ya Buffalo ilikuwa imerundikwa kando ya barabara ya Bailey mpaka usawa wa madirisha ya magari, chafu na ngumu. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa ya juu, ngazi za mbao nje. Tuliketi sebuleni: baba, mkewe, mzee mmoja wa kanisa lao, Tantine na mimi. Mtoto aliketi peke yake karibu na kipasha joto. Alikuwa amerefuka. Hakutusalimu.

Chakula kilikuwa mezani tayari. Mke wa baba, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno, ndiye aliyesema, "Mbona hakuna mutu anamuulizaka mutoto?" Mzee alishangaa kidogo. Ni kweli, pale ukumbini Newburg hakuna aliyemuuliza, wala kule mahakamani. Mzee akamgeukia mtoto akamuuliza kwa upole ana nini moyoni.

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, haraka haraka, akikitazama kipasha joto. Wote wakanigeukia mimi.

Alikuwa amesema hivi: baba alisikia kwenye simu. Hakimu aliita jina la Tantine, akangoja, akaita tena, na hakuja. Siku yeye mwenyewe alipotapika shuleni Tantine alikuja na nguo za kiwandani, hajalala, akaja kwa miguu kwa sababu basi lilichelewa. Tantine huja. Kwa hiyo kama kule hakuja, ni kwa sababu hakutaka kuja.

"Anasema nini?" Tantine aliuliza.

Nilifikiri kulipunguza. Nilikuwa na maneno mengi laini tayari mdomoni, hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimejizoesha. Nikalisema lote kama alivyolisema.

Tantine alikunja mkono wa kitenge, akaukunjua. Kisha akasema bila kunitazama, "Umuambie nilikuwa nachoka. Nilikuwa natoka ku kazi, nikalala, usingizi ukanibeba. Umuambie anisamehe."

Nikafahamu anachofanya. Alikuwa anachukua lile kosa langu, mbele ya watu wote, na kujibebesha kama alivyombeba yule mtoto, bila kuuliza limetoka wapi. Na alikuwa ananipa mimi nimtafsirie. Lilikuwa jambo rahisi sana. Hakuna mwingine aliyekuwa akijua ukweli.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto, kama kwenye zipu, na nikamwambia kwa Kiingereza: Tantine alitaka kuja. Asubuhi ile alikuja mlangoni kwangu amevaa, na mkoba mkononi. Mimi ndiye niliyemwambia asiende. Nilimcheka. Kisha nikageuka nikawaambia wakubwa kwa Kiswahili, maneno yale yale, na mzee wa Buffalo akashusha macho.

Mtoto alinitazama. "Kwa nini?" aliuliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sababu, mnaijua, nilikuwa nimeipatia alama ya juu. Niliona majoho na mabaraza na sheria ya wageni, vyote vikiwa kweli, vyote bado kweli, na hapakuwa na hata kimoja ambacho ningeweza kumpa mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka kumi.

"Nilijiona najua," nilisema.

Aliinuka, akanipita, akaenda kuketi kando ya Tantine, akaingiza kichwa chini ya mkono wake. Tantine akamkumbatia akalia kwa sauti ile yake ya maegesho, mpaka mke wa baba akacheka na kulia pamoja naye. Mtoto akala. Alikula sahani ya Tantine, akimaliza nyama kwanza kama zamani. Baba akasema karatasi ilimpa mtoto lakini likizo ndefu na sikukuu zote zitakuwa za Newburg, na kwamba hilo halina haja ya hakimu. Tukanawa mikono. Ilikuwa ile ile hukumu ya mwanzo imepinduliwa, na kwa Tantine ilikuwa nusu ya mtoto. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mtoto amekuwa akija kila kiangazi. Nasikia viatu vyake chini, nasikia Tantine akimwita, nasikia wakigombana juu ya nywele. Penseli zake nilimrudishia zote, sikuzigusa, akasema asante. Ana adabu kwangu. Tukikutana kwenye ngazi ananisalimu, ila haniiti dada tena. Ananiita kwa jina langu, kama anavyowaita Wamarekani, na mimi naitika.